Tanga Lipimwe kwa Chombo, Lisipimwe kwa Orodha

Watu wa pwani na visiwani tuna methali tunayorithishana tangu utotoni: dau la mnyonge haliendi joshi. Aghalabu tunaitumia kama hukumu iliyokwisha kupita. Mtu akishindwa na shughuli zake tunamsomea methali hiyo, naye huinamisha kichwa akairidhia, kana kwamba unyonge ni maradhi yasiyo na tabibu. Lakini yeyote aliyewahi kukaa tezini anajua kwamba kwenda joshi, yaani kuukabili upepo unaotoka upande wa omo, hakutegemei utajiri wa mwenye dau peke yake. Kunategemea umbo la dau, na mikono iliyomo ndani yake, na zaidi ya yote kunategemea tanga. Dau la mnyonge lililovikwa tanga lake huenda joshi. Na jahazi la tajiri lililovikwa tanga lisilo lake huenda mrama. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza leo, kwa ndugu zangu wa visiwani wanaokusudia kushona matanga mapya, na kwa maofisa wanaotia saini hati za kuyanunua.

Nayaandika haya nikiwa Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, mkoani Morogoro. Mimi ni mtoto wa Mafia. Kazi za Chama ndizo zilizonileta huku bara, mahali ambapo watoto wengi hawajapata kuliona jahazi ila katika picha. Mtoni hapa vyombo vya wavuvi ni mitumbwi ya mti mmoja uliochimbwa, nayo huendeshwa kwa kafi na upondo. Tanga sijaliona hata moja. Maji yamejaa matete, mikondo ni myembamba yenye kona nyingi, na mahali pengi upepo haumfikii aliye chini ya majani. Hata hivyo, somo langu la matanga nimelikamilisha hapa.

Mzee mmoja mvuvi alinionyesha pondo zake mbili. Mmoja ni mfupi, wa kiangazi, maji yanapopungua hata mchanga ukaonekana. Wa pili ni mrefu, wa masika, mto unapofurika na bonde zima likawa kama ziwa. Nilimwuliza kwa nini asichukue upondo mmoja mzuri wa jirani yake, uliokuwa mpya na umenyooka kuliko yote miwili. Mzee alicheka. Akanieleza kwamba upondo mrefu kuliko kimo chako na maji yako hukwama matopeni ukakuvuta nje ya mtumbwi, na upondo mfupi hukuacha ukichukuliwa na mkondo huku ukipapasa maji matupu. Upondo wa jirani ni mzuri kwa jirani, kwa mtumbwi wake na mahali anapovua. Nilinyamaza kimya, maana maneno yale yalinikumbusha kosa langu la zamani.

Wala asidhani mtu kwamba huku mtoni upepo hauna neno. Mwezi Januari 2016, kabla daraja kubwa la Kilombero halijakamilika, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka katika mvua na upepo mkali. Kivuko hakina tanga. Lakini kila kilichosimama juu ya maji ni tanga mbele ya upepo. Na maji haya ya Kilombero si mageni kwetu sisi wa kisiwani. Hukutana na maji ya Luwegu yakazaa mto Rufiji, yakapita katika Bwawa la Julius Nyerere, hata yakamwagikia baharini katika delta ya mikoko inayotazamana na Mafia. Tope ninaloliona hapa Ifakara likiteremka, mjomba wangu alikuwa akiliona baharini likibadilisha rangi ya maji, akajua kwamba bara kumenyesha.

Sasa nilikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa bado kijana katika kazi za Chama, kikundi cha wavuvi wa kwetu kilibahatika kuahidiwa msaada wa matanga mapya. Ofisi moja iliyohusika iliomba orodha. Mimi ndiye niliyeiandika. Niliandika jina la mwenye chombo, kijiji chake, na idadi ya matanga yanayotakiwa. Sikuandika urefu wa chombo hata kimoja. Sikuuliza foromali ya nani ni ndefu na ya nani ni fupi, wala nani anavua ndani ya miamba na nani anavuka mkondo kwenda bara. Karatasi ilikuwa safi, yenye mistari iliyonyooka, na nilisifiwa kwa hati nzuri.

Matanga yakaja, yote kwa kipimo kimoja, mapya na meupe. Tulipiga makofi. Mjomba wangu alikuwa na mashua nyembamba, ya ubavu mfupi, nalo tanga lile lilikatwa kwa chombo kipana zaidi. Akaunga foromali yake ili lienee, maana nani atakataa kitu cha bure? Katika msimu wa kusi, wakirudi kutoka upande wa delta, dharuba iliwakuta. Tanga lilitakiwa kutuliwa upesi. Henza, yaani kamba ya kutwekea, ikakwama kwa uzito uliozidi, kisha ikakatika. Foromali ikaanguka na kumvunja mkono mtoto wa mjomba. Walikata nyavu zao wakaziacha baharini, wakafika pwani kwa makasia, usiku. Alhamdulillahi hakufa mtu. Lakini mkono ule haukunyooka tena, na nyavu zile zilikuwa za mkopo.

Mtoto wa mjomba huyo sasa ndiye nahodha. Mwezi uliopita ameniandikia akiniomba nimsaidie kuchagua tanga jipya, kwa kuwa kikundi chao kinataka kuomba mkopo tena. Jawabu langu kwake nalitoa hapa, lipate kuwafaa na wengine wa Unguja na Pemba, wa Tumbatu na Kojani, na popote tanga linapotwekwa. Nimeligawa katika maswali manne, ambayo kila mwenye chombo hana budi kuyajibu kabla hajakata kitambaa.

Swali la kwanza: chombo chako ni cha umbo gani? Ngalawa ni gogo jembamba lililochimbwa, nayo husimama kwa msaada wa mirengu yake miwili, yaani mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke. Kwa sababu hiyo huweza kuchukua tanga kubwa kuliko mwili wake. Lakini mrengu ukizama mno, boriti zinazoushika huvunjika. Mashua haina mirengu; husimama kwa upana wake, kwa uzito wa mkuku wake, na kwa farumi iliyowekwa chini. Mashua nyembamba isitamani tanga la mashua pana. Jahazi la mizigo huenda likiwa limejaa na kurudi likiwa tupu, na chombo kitupu hulala upesi kuliko chenye shehena. Basi nahodha wake apime tanga kwa safari ya kurudi, wala si kwa ya kwenda tu.

Hapa inafaa maofisa wetu waifuate hesabu ndogo, kwa kuwa ndiyo niliyoikosa mimi. Chukua tanga la pembe tatu ambalo ubavu wake wa foromali ni mita 6, na kina chake kutoka foromali hadi pembe ya nyuma ni mita 5. Eneo lake ni mita za mraba 15. Sasa ongeza moja ya tano tu kila upande: foromali iwe mita 7.2, kina kiwe mita 6. Eneo linakuwa mita za mraba 21.6. Macho yanaona nyongeza ndogo, kumbe tanga limezidi kwa asilimia 44. Na kwa kuwa tanga kubwa husukumwa na upepo mahali palipo juu zaidi, nguvu ya kukilaza chombo inafika takriban mara 1.7 ya ile ya kwanza. Tena upepo ukizidi mwendo mara mbili, msukumo wake juu ya kitambaa hauzidi mara mbili, bali mara nne. Mjomba wangu hakuijua hesabu hii kwa kalamu, ila mikono yake iliijua; nami niliyesoma hesabu shuleni sikumwuliza.

Ukubwa si kitu pekee. Tanga likikaa nyuma mno, chombo hutaka kugeuka kuutazama upepo, na aliyeshika kana, yaani mkono wa usukani, hushindana nacho mchana kutwa hata mabega yakamwuma. Likikaa mbele mno, chombo huukimbia upepo na kukataa kwenda joshi. Mafundi wetu huisogeza foromali mbele au nyuma mpaka kana ikawa nyepesi mkononi. Basi anayeshona tanga jipya alipime pamoja na foromali yake na mlingoti wake, na ulalo wa mlingoti huo, asilipime peke yake dukani.

Swali la pili: unasafiri na upepo upi, na kwa njia ipi? Kaskazi hutuvumia takriban tangu Desemba hadi Machi, na kusi hutawala katikati ya mwaka, nayo kwa kawaida ndiyo yenye nguvu zaidi. Kati ya hizo mbili kuna majira ya maleleji, pepo zinapogeuka na kulegea. Mtu anayetoka Mafia kwenda Dar es Salaam wakati wa kusi ana upepo mgongoni. Akirudi kwa msimu huohuo hana budi kupiga bisho, akienda upande huu na upande ule mpaka afike. Anayevuka kutoka Kilindoni kwenda delta hupata kusi ubavuni. Safari hizi si sawa, wala tanga lake si moja.

Tanga la upepo hafifu na la safari za upepo wa nyuma huachiwa tumbo, lipate kuushika upepo kidogo uliopo. Tanga la kwenda joshi katika upepo mkali hukatwa liwe bapa zaidi, maana tumbo kubwa hukilaza chombo bila kukisogeza mbele. Ukingo wa nyuma, ulio huru, usikatwe upogo wa kitambaa. Nyuzi zake zifuate ukingo, la sivyo utalegea na kupigapiga. Kisha pindo zote zishonewe dasi, ile kamba ya ukingoni inayobeba nguvu kitambaa kisipasuke. Fundi anayepunguza dasi ili kupunguza gharama hajapunguza kitu, ameahirisha hasara.

Ikiwa uwezo upo, nasaha yangu ni kwamba matanga mawili ya wastani ni bora kuliko moja kubwa la fahari. Hii ni hekima ya zamani. Vyombo vikubwa vya Kuwait, kama kile alichosafiri nacho mwandishi Alan Villiers kilichofika delta ya Rufiji mwaka 1939 kupakia boriti za mikoko, vilichukua tanga kuu zaidi ya moja, la upepo mdogo na la upepo mkubwa, na mabaharia wakalibadili kwa hali ya hewa. Waliokuja kutoka mbali namna hiyo hawakuona aibu kutweka tanga dogo.

Swali la tatu: mna mikono mingapi? Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Tanga letu hutundikwa katika foromali ndefu inayotangulia mbele ya mlingoti. Ili kulihamishia upande wa pili, chombo hugeuzwa, demani ikaachiwa, foromali ikasimamishwa wima, na tanga lote likapitishwa mbele ya mlingoti. Katika muda huo mfupi chombo hakina wa kukisaidia ila watu wake. Kazi inayofanywa na watu sita kwa wimbo, watu watatu huifanya kwa hofu. Zamani mashua iliondoka na vijana wengi. Leo vijana wengine wamekwenda mjini, na baba hutoka na mwanawe na jirani mmoja. Tanga la babu halimfai tena mjukuu, si kwa sababu mjukuu ni mvivu, bali kwa sababu babu alikuwa na wenziwe. Na mwenye mashine ya petroli chomboni asilidharau tanga, kwani mafuta huisha na mashine huzimika. Ila anaweza kuridhika na dogo zaidi, la kumfikisha nyumbani.

Swali la nne: kitambaa gani? Historia ya pwani yetu imeandikwa kwa nguo. Mitepe, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila misumari, ilikuwa na tanga la mkeka la pembe nne. Kisha katika karne ya 19 ikaja Unguja nguo ya pamba kutoka Marekani, ikaletwa na wafanyabiashara wa Salem, na hadi leo tunaiita marekani. Pamba ni laini mkononi, huchukua umbo vizuri na hushonwa kwa urahisi. Lakini hunyweka maji ikawa nzito, hunyumbuka, na ikikunjwa mbichi hushikwa na koga na kuoza. Mwenye tanga la pamba awe na desturi ya kulianika kila arudipo.

Kitambaa cha polista hakiozi kwa maji na hakinyumbuki sana, nacho hushika umbo lake miaka mingi. Bei yake ni kubwa zaidi, na adui yake ni jua. Turubai la plastiki na viroba vilivyounganishwa ndivyo vinavyoonekana sasa katika ngalawa nyingi, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Siwacheki wanaovitumia. Mchele wa bonde hili la Kilombero husafirishwa katika viroba vya namna hiyohiyo, na mara nyingi nitazamapo magunia yakipakiwa hapa Ifakara nawaza kwamba huenda mojawapo likaishia juu ya mlingoti kwetu. Lakini anayetumia viroba ajue kwamba jua hula nyuzi zake kimyakimya. Leo kitambaa kinaonekana kizima, kesho dharuba moja inakipasua kuanzia juu hadi chini. Akikague kila mwezi kwa kukivuta kwa vidole, akifunike kisipotumika, na asivuke nacho mkondo mkubwa wakati wa kusi.

Akisha kuyajibu maswali hayo manne, mwenye chombo alitandaze tanga la zamani juu ya mchanga, apige vigingi kwenye pembe zake na kuzungushia uzi. Hapo yeye, fundi na mabaharia wakae chini waulizane: lilitulemea wapi? Lilipwaya wapi? Tulilitua mara ngapi kwa hofu? Vigingi visogezwe kwa majibu hayo, na ndipo kitambaa kikatwe. Tanga jipya la pamba lisivutwe mno siku za mwanzo. Liachiwe nafasi katika ncha za foromali, na litolewe kwanza katika upepo wa wastani, linyumbuke taratibu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa kwa jembe. Mchagua tanga ni baharia, na asiyechagua ni abiria katika chombo chake mwenyewe.

Sasa narudi kwa maofisa wenzangu, wa Chama na wa Serikali. Tunalo gonjwa la kupenda idadi. Tukisema kwamba kikundi kimepewa matanga kadha wa kadha, taarifa imependeza na mkutano umefungwa. Lakini mkopo wa tanga lisilofaa ni deni lisilo na samaki. Fomu ya kuombea matanga haina budi kuonyesha aina ya chombo, urefu na upana wake, urefu wa mlingoti na foromali, njia inayosafiriwa na msimu wake, idadi ya mabaharia, na kitambaa kinachotakiwa. Chini yake watie saini nahodha na fundi wa matanga, kabla ya ofisa. Fedha nazo zihesabiwe kwa ukamilifu wake: kitambaa, uzi, dasi, henza mpya, na ujira wa mshonaji. Kutoa kitambaa bila kamba ni kumpa mtu kanzu isiyo na mikono.

Tena mafundi tunao. Jibondo, hapo karibu na kisiwa changu, ni mahali panapojulikana kwa uundaji wa vyombo tangu zamani. Mafundi wa namna hiyo waitwe katika vikao vya mikopo, wasiitwe baada ya hasara. Usalama wa vyombo una taasisi zake, TASAC kwa Tanzania Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar. Lakini mkaguzi hawezi kuwepo kila ufukwe kila alfajiri. Aliyepo ni nahodha. Tukimpa tanga linalomfaa tumemsaidia na mkaguzi.

Kwako mtoto wa mjomba, jawabu langu ni hili. Usiombe tanga kama la marehemu baba, na usiombe kama la jirani. Omba tanga ambalo wewe na wanao wawili mnaweza kulitua kwa mkupuo mmoja, kwa mkono wako mmoja mzima na ule mwingine uliopinda. Litakuwa dogo, na siku za upepo hafifu wenzio watakupita. Waache wapite. Tawakali ni wajibu wetu sote, lakini huja baada ya mtu kukaza kamba zake.

Na orodha ya safari hii sitaiandika hapa Ifakara juu ya meza. Nimeomba likizo, nitashuka mpaka Kilindoni, na tutaiandika pamoja ufukweni, chombo kimoja baada ya kingine, futi ikiwa mkononi. Tukimaliza, tutaona kama dau la mnyonge haliendi joshi.